Simba Ni Jirani Yako: Safari za Siku Moja Kutoka Nairobi

Muulize mkazi wa Nairobi aliyekaa mjini humu miaka ishirini ni lini aliingia mbuga ya wanyama mara ya mwisho. Wengi watakujibu kwamba walikuwa darasa la sita, ndani ya basi la shule, wakiwa na chupa ya sharubati na mkate uliopakwa siagi. Baada ya hapo wanyama wakawa mambo ya wageni. Mzungu akishuka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta alfajiri, kufikia adhuhuri amekwisha kumwona kifaru. Mwenyeji wa Lang'ata, ambaye usiku mwingine husikia simba akinguruma ng'ambo ya uzio, hajamwona tangu alipokuwa akivaa kaptura ya shule.

Hali hii inanisikitisha, na si kwa ajili ya raha inayopotea tu. Sehemu za nyika na misitu zinazouzunguka mji huu zimesalia kwa sababu kila zilipotaka kunyakuliwa, walikuwepo watu wa mjini waliozijua kwa miguu yao wenyewe na wakasimama kuzitetea. Zikiachwa ziwe za wageni peke yao, siku atakapokuja mwenye tingatinga hakutakuwa na mwenyeji wa kumuuliza anakwenda wapi. Ndiyo maana ninaandika makala haya kwa ajili ya mtu wa Umoja, wa Kawangware, wa Rongai na wa Kasarani mwenye Jumamosi moja mkononi na pesa za kuhesabu.

Tuanze palipo karibu. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilitangazwa Desemba 1946, ya kwanza kabisa nchini. Ukubwa wake ni kilomita mraba 117, na lango kuu kwenye Barabara ya Lang'ata liko mwendo wa kilomita 7 hivi kutoka katikati ya mji. Aliyeipigania zaidi ni Mervyn Cowie, mzaliwa wa Nairobi aliyerudi kutoka masomoni Uingereza mwaka 1932 akakuta wanyama wa tambarare za Athi wamepungua mno. Alipoona serikali ya kikoloni haimsikilizi, aliandika barua gazetini kwa jina la kubuni, akijifanya mlowezi mzee anayetaka wanyama wote wauawe. Wasomaji walighadhibika, mjadala ukapamba moto, na mwishowe mbuga ikapatikana. Lakini historia hiyo ina upande wake mchungu: wafugaji wa Kimaasai waliokuwa wakilisha ng'ombe wao hapo walifungiwa nje, na deni hilo bado linadai hadi leo. Nitalirudia baadaye.

Fika langoni saa kumi na mbili asubuhi. Simba huwinda usiku na alfajiri. Jua likishapanda hujilaza kwenye kivuli cha kichaka, na gari laweza kupita hatua chache kutoka alipo asionekane. Kifaru naye hupenda kula kabla ya joto. Kenya ilikuwa na vifaru weusi wapatao 20,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 majangili walikuwa wamewaacha wapatao 400 tu. Mbuga ya Nairobi, kwa udogo wake na kwa ukaribu wake na askari, ikafanywa mojawapo ya makimbilio yao, na vizazi vilivyolelewa hapa vimepelekwa kwenda kuanzisha upya makundi katika hifadhi nyingine. Ni vigumu kupata mahali pengine nchini ambapo mtu anaweza kumwona kifaru mweusi kwa urahisi namna hii, halafu akala chakula cha mchana nyumbani kwake.

Tembo usimtafute humo, mbuga ni ndogo mno kwake. Lakini nyati wapo kwa makundi, twiga, pundamilia, kongoni, pofu, swala, mbuni, ngiri, na chui kwa mwenye bahati na macho makali. Ndege ni zaidi ya aina 400. Upande wa chini, mtoni, pana njia ya kutembea kwa miguu kando ya madimbwi ya viboko, ukifuatana na askari mwenye bunduki. Watu wengi hawaijui kwa sababu hugeuza gari mapema wakawahi foleni ya Mombasa Road. Usigeuze. Hapo kwenye kivuli cha migunga, mto ukiwa na rangi ya chai ya maziwa na kiboko akitoa pua na masikio tu juu ya maji, ndipo utakapoelewa kwamba mbuga hii ni zaidi ya picha ya twiga na majumba marefu nyuma yake.

Picha hiyo nayo siku hizi imeongezewa kitu. Daraja la reli ya kisasa, lenye urefu wa takriban kilomita 6, linaikata mbuga kutoka upande hadi upande likiwa juu ya nguzo za saruji. Treni za kuelekea Suswa zilianza kulipita Oktoba 2019. Wakati wa ujenzi mashirika ya uhifadhi yalikwenda mahakamani, wananchi wakaandamana, na hata hivyo daraja likajengwa. Leo pundamilia hupita chini yake na twiga hupita kati ya nguzo, na wapo wanaosema kwamba basi hakuna lililoharibika. Sikubaliani nao. Mbuga ilikwisha kumegwa kwa ajili ya barabara ya Southern Bypass kabla ya reli, na kila kipande kinachotolewa hurahisisha hoja ya kutoa kinachofuata.

Karibu na lango kuu pia pana eneo lililochomewa pembe za ndovu. Julai 1989 Rais Daniel arap Moi alitia moto tani 12 za pembe hapo, na miezi michache baadaye mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe hizo. Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta alichoma nyingine, tani 105. Majivu yamerundikwa palepale, na watoto wa shule wakipelekwa hapo hunyamaza wenyewe bila kuambiwa na mwalimu.

Tatizo kubwa la mwenyeji ni gari, kwa maana hairuhusiwi kuingia mbugani kwa miguu wala kwa bodaboda. Dawa yake ni kuchanga. Watu saba wa chama kimoja, au wa ofisi moja, au wa kwaya moja, wakikodi gari la abiria la paa linalofunguka, gharama ya kila mmoja huwa ya kawaida. Asiyepata kundi kuna njia ya mbao ya Safari Walk pale lango kuu, ambako unatembea kwa miguu juu ya daraja la mbao na kuwaona wanyama wakiwa katika maeneo makubwa yaliyozungushiwa ua. Ada za kuingia hubadilika, basi ziangalie kabla ya kutoka nyumbani. Malipo hufanywa kwa eCitizen na pesa taslimu hazipokelewi langoni. Na chakula chako ukifiche: nyani wa sehemu za kupumzikia wanalijua begi la mandazi kuliko unavyolijua wewe.

Upande wa Barabara ya Magadi, ndani ya mipaka ya mbuga hiyohiyo, wapo tembo ambao hawahesabiwi kuwa wakazi: mayatima wa shirika la Sheldrick. Shirika hilo liliundwa mwaka 1977 na Daphne Sheldrick kwa kumbukumbu ya mumewe David, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Mbuga ya Tsavo Mashariki. Wageni huruhusiwa saa moja tu kwa siku, kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, na lazima uwe umeweka nafasi mapema. Saa hiyo moja inatosha. Utasimama nyuma ya kamba, kwenye udongo mwekundu, na kutoka vichakani watatokea ndama wakikimbia kwa mstari, masikio yametandazwa, kila mmoja akimwelekea mlezi aliyevaa koti la kijani na kushika chupa kubwa ya maziwa. Wadogo kabisa huvishwa blanketi mgongoni, kwa kuwa hawana mama wa kuwakinga na baridi ya Nairobi. Chupa ikishakuwa tupu, ndama huishikilia kwa mkonga hataki kuiachia, na mlezi humbembeleza kama anavyobembelezwa mtoto anayekataa kunyang'anywa kikombe.

Maziwa hayo yana hadithi ambayo watu wa pwani wataipenda. Tembo mchanga hawezi kustahimili maziwa ya ng'ombe. Daphne Sheldrick alihangaika kwa miaka mingi, ndama wakimfia mikononi, mpaka akagundua kuwa mafuta ya nazi ndiyo yanayokaribia mafuta yaliyomo katika maziwa ya mama tembo. Tangu hapo mayatima wakaanza kupona. Jambo la pili alilojifunza kwa uchungu ni kwamba ndama akimzoea mlezi mmoja, siku mlezi huyo akiondoka anaweza kufa kwa huzuni. Kwa hiyo walezi hupokezana zamu, na usiku mmoja wao hulala bandani pamoja na ndama, kesho alale mwingine. Ndama wakifikia umri wa miaka mitatu hivi hupelekwa Voi, Ithumba au Kibwezi, wakazoee makundi ya porini kidogo kidogo hadi watakapochagua wenyewe kuondoka. Daphne aliaga dunia Aprili 2018, na kazi inaendelea chini ya binti yake.

Kituo cha Twiga hakiko mbali na hapo, na matatu ya nambari 24 ya kwenda Karen itakusogeza. Mradi huo ulianza katikati ya miaka ya 1970 wakati twiga wa jamii ya Rothschild walipokuwa wamebaki wachache magharibi mwa Kenya, katika eneo la Soy, na ardhi waliyoishi ikigawiwa watu. Jock na Betty Leslie-Melville waliwaleta wadogo wawili Lang'ata wakawalea, kisha mwaka 1979 wakaanzisha shirika la kuwaokoa. Wageni hupiga picha wakimlisha twiga mkononi, na hilo ni sawa. Lakini kituo kilijengwa hasa kwa ajili ya kuwafundisha watoto wa Kenya, na mzazi anayempeleka mwanawe siku ya Jumapili anafanya kilekile kilichokusudiwa na waanzilishi.

Sasa nivuke mji niende kaskazini, kwenye Msitu wa Karura, maana hapo ndipo hoja yangu inapopata ushahidi wake.

Karura una takriban hekta 1,000 za miti katikati ya Muthaiga, Gigiri na Kiambu Road. Leo Jumamosi asubuhi utaona familia zikiendesha baiskeli, wazee wakitembea na fimbo zao, vijana wakikimbia, wapenzi wameketi kando ya maporomoko ya Mto Karura. Pana mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau walijificha. Juu ya miti wanarukaruka kima, na mbega wenye manyoya meusi na meupe waliohamishiwa humo kutoka Kipipiri. Ukipiga kimya kidogo utamwona paa mdogo akivuka njia.

Msitu huu ulikuwa umekwisha kugawiwa. Mwaka 1998 ilibainika kwamba sehemu zake zimepewa watu binafsi ili wajenge nyumba za kifahari, na miti imeanza kukatwa. Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement wakaingia na miche. Januari 8, 1999 walipokwenda kupanda miti langoni, walivamiwa na kundi la vijana wenye marungu na mawe. Wangari alipasuliwa kichwa. Alikwenda moja kwa moja kituo cha polisi kuandikisha taarifa, na alipotakiwa kutia sahihi aliitia kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakajiunga, viongozi wa dini wakapaza sauti, magazeti hayakunyamaza. Agosti mwaka huo Rais Moi akatangaza kusimamishwa kwa ugawaji wa ardhi ya umma. Miaka mitano baadaye, 2004, Wangari akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel, Mwafrika wa kwanza wa kike kuipata.

Lakini kushinda vita vya ardhi hakukuufanya msitu uwe salama. Kwa miaka mingi Karura ulikuwa mahali pa kuibiwa na kutupwa maiti, na mtu mwenye akili zake hakukatiza humo peke yake. Kilichobadilisha mambo ni wakazi kuunda chama cha jamii mwishoni mwa muongo uliofuata, kwa kushirikiana na idara ya misitu, wakaweka uzio, wakaajiri walinzi kutoka mitaa maskini iliyo jirani, na wakaanza kuingia kwa wingi. Kila mtembeaji akawa macho ya ziada. Watu walipoongezeka wahalifu walihama, na ada ndogo za langoni zikalipa mishahara. Sijui mfano ulio wazi zaidi ya huu: msitu ulikombolewa na waliokuwa tayari kuumia kwa ajili yake, kisha ukatunzwa na waliokwenda tu kutembea na watoto wao.

Mwenye miguu imara asiishie Karura. Panda matatu ya 111 mpaka mji wa Ngong, kisha vilima vyenyewe viko juu yako. Kilele cha juu kina mita 2,460, na ukifika kwenye mgongo wa milima unaona pande mbili kwa pamoja: Nairobi yote nyuma, Bonde la Ufa lote mbele, likiwa kahawia na kubwa kuliko ulivyofikiria. Mitambo ya umeme wa upepo inazunguka hapo, ya kwanza ikiwa imesimikwa mwaka 1993. Nenda kwa kikundi na uchukue mlinzi langoni, kwa sababu visa vya wizi vimewahi kutokea. Beba sweta hata kama mjini kuna jua kali. Upepo wa Ngong hauna mzaha.

Anayeendelea na Barabara ya Magadi atapita Kiserian na Kona Baridi, kisha barabara inateremka na joto linapanda kila kona. Nyamachoma ya Ole Polos huwakamata wengi wasifike mbele, na siwalaumu. Lakini zaidi kidogo, kama kilomita 70 kutoka mjini, pana Olorgesailie, mahali ninapopaona kuwa pametupwa na Wakenya kuliko pote nilipopataja. Louis na Mary Leakey walipofika huko mwaka 1942 walikuta mashoka ya mawe yametapakaa ardhini kwa mamia, yakiwa palepale yalipoachwa na binadamu wa kale waliowinda kando ya ziwa ambalo sasa limekauka. Baadhi yana umri unaokaribia miaka milioni moja. Hayakuhamishiwa kabatini. Unatembea kwenye daraja la mbao, unatazama chini, na mashoka yako hapo kwenye vumbi jeupe, kila moja limechongwa pande mbili kwa ustadi, mengine makubwa hata unajiuliza yalishikwa na mkono wa namna gani. Mbuzi wa Wamaasai hulia ng'ambo ya uzio. Mara nyingi mgeni huwa peke yake na mlinzi.

Naivasha inajulikana mno kiasi kwamba sitaisema kirefu. Ni mwendo wa kilomita 90 hivi, na mtu aliyetoka mapema aweza kupanda Longonot, mita 2,776, akarudi jioni magoti yakimlilia. Hell's Gate, iliyotangazwa kuwa mbuga mwaka 1984, ina sifa moja inayoifaa mifuko yetu: unaruhusiwa kuingia kwa baiskeli ya kukodi na kupita katikati ya pundamilia na swala bila gari lolote. Moshi mweupe unaouona kwa mbali ni mvuke wa Olkaria, unaozalisha umeme tangu 1981. Tahadhari moja ni ya uhai na kifo. Korongo la Ol Njorowa hujaa maji kwa ghafla mvua ikinyesha milimani, hata kama juu yako mbingu ni safi. Watu waliangamia humo mwaka 2012 na tena 2019. Mlinzi akikwambia leo hakuingiliki, usibishane naye kwa sababu umetoka mbali. Na ziwani, kiboko huua. Usisogee ukingoni jioni kwa ajili ya picha.

Upande wa Thika kuna maporomoko ya Fourteen Falls na mlima wa Kilimambogo wenye nyati wengi. Ni safari nzuri ya Jumapili kwa mwenye gari, ila mto Athi ukifika hapo umebeba uchafu wote wa Nairobi, na povu unaloliona chini ya maporomoko limetoka kwenye mitaro yetu.

Nimeacha kusini mwa mbuga ya Nairobi kwa makusudi, kwa sababu huko ndiko mbuga hii itakakoishia au kuokoka. Pande tatu zake zina uzio. Upande wa nne, wa kusini, ni mto tu, na ng'ambo ya mto ni tambarare za Kitengela zinazoendelea hadi Kajiado. Mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia walikuwa wakivuka kwenda kuzalia huko kwenye majani mafupi, kiangazi kikirudi wanarejea mbugani kwenye maji. Kilomita mraba 117 pekee haziwatoshi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu wa tambarare hizo walikuwa zaidi ya 25,000. Kufikia miaka ya 2010 walikuwa wamepungua chini ya 5,000. Hawakumalizwa na bunduki. Walimalizwa na uzio wa shamba baada ya shamba, ghorofa, machimbo ya mawe, maua ya kuuzwa Ulaya, na vijibao vya ploti za futi hamsini kwa mia.

Mmaasai mwenye ardhi hiyo amebebeshwa mzigo ambao mtu wa mjini hauoni. Simba akivuka mto usiku, ng'ombe wake ndiye anayeliwa. Juni 2012 simba sita waliuawa kwa siku moja huko Kitengela baada ya mifugo kushambuliwa. Machi 2016 simba dume aliyejulikana kama Mohawk alitoka akafika Isinya, umati ukamzunguka, akapigwa risasi na askari wa wanyamapori. Aprili 2025 msichana wa miaka 14 aliuawa na simba katika makazi yaliyopakana na mbuga. Mtu anayezungumzia uhifadhi bila kumtaja msichana huyo hajui anachokizungumzia.

Yapo yaliyojaribiwa. Kuanzia mwaka 2000 uliendeshwa mpango wa kuwalipa wenye ardhi shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke uzio wala kuuza, na malipo yakipangwa yafike karibu na kufunguliwa kwa shule. Familia nyingi zilisomesha watoto kwa fedha hizo. Lakini bei ya ekari Kitengela iliruka, na shilingi 300 haziwezi kushindana na mamilioni ya dalali. Kuna pia ubunifu wa Richard Turere, mvulana wa Kimaasai aliyekuwa akilinda ng'ombe wa babake kando ya mbuga. Akiwa na miaka 11 aligundua kwamba simba hawaogopi taa iliyosimama, wanaogopa taa inayotembea. Akachukua balbu za tochi, betri kuukuu ya gari, kifaa cha kumulika cha pikipiki na paneli ya sola, akazungusha taa zinazowaka na kuzimika kuzunguka boma. Simba wakadhani kuna mtu anazunguka. Majirani wakamwomba awafungie pia, na taa za namna hiyo zimeenea kwenye maboma mengi ya wafugaji. Mwaka 2020 rasimu ya mpango wa usimamizi wa mbuga ilizua mjadala mkali, hasa pendekezo la kuweka uzio hata huo upande wa kusini. Ukiwekwa, ugomvi na simba utapungua, na mbuga itakuwa bustani iliyofungwa ambayo wanyama wake watahitaji kuhesabiwa, kuhamishwa na kulishwa na binadamu. Mimi naupinga kwa moyo wote, madhali bado ipo njia hata moja ya kupita.

Msomaji wa gazeti hili ndiye mnunuzi wa ploti hizo. Ni mwalimu, ni muuguzi, ni mwanachama wa sacco anayetafuta pa kujenga baada ya miaka ya kupanga nyumba, na haki hiyo ni yake. Ombi langu ni moja. Kabla ya kulipa arubuni Kitengela au Isinya, nenda ofisi ya ardhi ya kaunti uulize eneo hilo limepangiwa nini, na kama liko kwenye njia ya wanyama, chukua ploti karibu na barabara na mji, ambako majengo yamekwisha kusimama. Na kabla ya yote hayo, Jumamosi moja ingia mbugani alfajiri, endesha mpaka mtoni kusini, uitazame hiyo ng'ambo unayotaka kununua.